MAJINA YA MAGONJWA YA TUMBO: MFANYAKAZI AMWELEZE NINI MGANGA



Katika mikutano yetu ya Ryansoro, ya Gitega mjini na ya Muyinga, neno linalosikika zaidi baada ya neno la mshahara ni tumbo. Mtu anakosa kazi siku tatu, kapita anamkata siku tatu, na karatasi aliyopewa kwenye kituo cha afya imeandikwa neno moja la Kifaransa ambalo mwenyewe halijui. Ukimwuliza alikuwa anaumwa nini, anajibu "tumbo". Ukimwuliza alimweleza nini mganga, anajibu "nilimwambia tumbo". Na mganga, mwenye msururu wa watu mpaka nje ya mlango, amempa dawa ya minyoo kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mkono.

Sisi tunasema Kirundi nyumbani, Kiswahili sokoni na kwenye lori, na karatasi ya daktari inaandikwa Kifaransa. Kwa hiyo ugonjwa mmoja una majina matatu, na mara nyingine jina moja linabeba magonjwa matatu. Angalieni neno inda la Kirundi. Inda ni tumbo, inda ni mimba, na chawa naye ni inda, sikio la mzaliwa tu ndilo linalotofautisha. Na wenzetu wa Muyinga wanaovuka Kobero kwenda kutafuta kazi au matibabu upande wa Tanzania wanajua kichekesho cha umuhogo. Kwa Kirundi umuhogo ni koo. Ukimwambia mganga wa Ngara "muhogo unaniuma", atafikiri umekula muhogo mbaya.

Kwa hiyo tuanze na njia ya chakula, kiungo kimoja kimoja, ili kila mtu aweze kuonyesha kwa kidole na kutaja jina.

Chakula kinaingia kinywani, meno yanakisaga, mate yanakilainisha. Kinapita kooni na kuingia katika umio, mrija unaoshuka nyuma ya moyo, urefu wake kwa mtu mzima kama sentimeta 25. Umio unamimina katika mfuko wa chakula, ambao kwa Kirundi ni igifu. Hapo ndipo pa kwanza pa kukosea, kwa kuwa watu wetu wanasema "naumwa igifu" kwa maana ya kiungo na pia kwa maana ya ugonjwa, na wengi wa Kiswahili wanaita mfuko huo tumbo tu. Mfuko wa chakula uko juu, chini kidogo ya kifua, upande wa kushoto. Haupo kitovuni. Ndani yake kuna maji makali, yaani asidi, yanayovunja chakula na kuua vijidudu vingi.

Kutoka hapo chakula kinaingia utumbo mwembamba, kama mita sita za mrija uliokunjwakunjwa, na ndipo mwili unapochukua nguvu ya ugali, maharage na ndizi. Nyongo, kwa Kirundi indurwe, inatoka katika ini na kuwekwa katika kifuko chake, halafu inaingia mwanzo wa utumbo huo kusaidia kuyeyusha mafuta. Kongosho nayo inatia maji yake hapo hapo. Ini, igitigu, liko upande wa kulia chini ya mbavu. Bandama iko kushoto, nayo si ya njia ya chakula, ingawa ikivimba kwa malaria ya mara kwa mara watu wanasema ni tumbo. Mwisho ni utumbo mpana, mita moja na nusu hivi, unaonyonya maji na kuacha choo kigumu, kisha puru, kisha tundu la haja kubwa. Mahali utumbo mwembamba unapoungana na ule mpana, chini upande wa kulia, kuna kijitawi kama kidole. Hicho ni kidole tumbo, wengine wanasema kibole. Matumbo yote mawili kwa Kirundi ni amara.

Majina haya yamo vitabuni. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Sijaona kitabu hata kimoja kati ya hivyo viwili katika kituo cha afya nilichoingia, lakini maneno yenyewe yanafaa na yanasemeka.

Sasa magonjwa, na nianze na kuhara kwa sababu ndiko kunakoua haraka.

Neno kuhara, kwa Kirundi gucibwamwo, lisitoke mdomoni peke yake. Mganga anahitaji kujua unahara nini. Kuna kuhara maji, kuna kuhara damu, na kuna kuhara kunakoendelea zaidi ya majuma mawili. Kila kumoja kuna dawa yake.

Kuhara maji mengi ghafla, meupe kama maji ya kuoshea mchele, pamoja na kutapika, ni dalili ya kipindupindu, ambacho sisi tunakiita kolera. Ugonjwa huu ulifika kwenye Ziwa Tanganyika upande wetu mwaka 1978. Mwaka 1992 ulipopiga Rumonge, waliochunguza walikuta kwamba watu waliooga ziwani na waliokunywa maji ya ziwa ndio waliougua zaidi. Kolera haiumizi sana tumbo, na hapo ndipo inapodanganya watu. Inaua kwa kukausha mwili maji na chumvi, na mtu mwenye nguvu asubuhi anaweza kufa kabla ya usiku. Dawa ya kwanza ni kurudisha maji. Pakiti ya chumvi ya kunywa ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga, mgonjwa anywe kila anapohara, huku mnampeleka. Pimeni vizuri lita hiyo: chupa kubwa ya bia haifiki lita moja, na chumvi ikizidi inadhuru, hasa kwa mtoto. Mtoto anapewa na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Tena mtoto wa chini ya miaka mitano matibabu yake ni bure katika nchi yetu tangu mwaka 2006, basi asikae nyumbani eti hakuna pesa.

Kuhara damu ni kitu kingine. Kirundi kinasema amacinya, Kifaransa disenteri. Tumbo linanyonga, unakwenda chooni mara nyingi, kinatoka kidogo tu, kina damu na makamasi. Ugonjwa huu una vijidudu vya aina mbili, na hapa jina ni lazima litimie. Aina ya kwanza ni shigela, ambayo huja na homa kali na kuambukiza haraka. Aina ya pili ni amiba, ambayo huja polepole, mara nyingi bila homa kubwa. Dawa ya amiba haiui shigela, wala dawa ya shigela haiui amiba. Wazee wetu wanakumbuka amacinya ya shigela yaliyoanza mashariki ya Zaire, Kongo ya leo, mwaka 1979, yakaenea Rwanda, Burundi na Tanzania, na vijidudu vikazizoea dawa za kawaida moja baada ya nyingine. Ndiyo sababu ukinunua vidonge viwili vya kuhara dukani na kuvimeza bila kupimwa unapoteza pesa, na zaidi ya hapo unakifundisha kijidudu kuishi na dawa. Shigela inahitaji vijidudu vichache tu, hata kumi au mia moja, ili mtu augue. Mkono mmoja usioshwa, sahani moja ya maharage ya pamoja, na chumba kizima cha wapimaji chai au wachaguzi wa kahawa kinalala.

Mwambie mganga basi: nimehara mara ngapi tangu jana, ni maji au ni damu, nina homa au sina, nimekojoa lini mara ya mwisho. Hilo la mkojo watu wanalisahau. Asiyekojoa tangu asubuhi mwili wake umekauka.

Tupande juu, kwenye igifu. Anayeumwa hapo anasema "kinaniwaka". Kuna kiungulia, moto unaopanda kifuani hadi kooni, asidi ikirudi katika umio, hasa ukilala baada ya kula. Kuna gastriti, ambayo ni ngozi ya ndani ya mfuko kuvimba. Na kuna vidonda vya tumbo, ambavyo ni vidonda kweli, ndani ya mfuko au mwanzo wa utumbo mwembamba. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe walisema vidonda vinatokana na mawazo na pilipili. Mwaka 1982 huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walionyesha kijidudu kinachoishi ndani ya mfuko wa chakula, Helikobakta. Wenzao hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa vijidudu hivyo mwenyewe, akaugua gastriti, akajipima. Mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Kwetu faida yake ni hii: vidonda vingi vinapona kabisa kwa dawa za majuma mawili hivi, dawa za kuua kijidudu pamoja na ya kupunguza asidi, zikimezwa zote hadi mwisho. Usikubali kuambiwa unywe maziwa miaka kumi.

Lakini kijidudu hakipo peke yake. Sababu nyingine kubwa imo mifukoni mwetu, nayo ni vidonge vya maumivu. Mtu anabeba magunia ya kahawa ya kilo 60 mchana kutwa, jioni mgongo unamwuma, anameza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, tena bila kula, tena kila siku ya majira ya kahawa, kuanzia Machi hadi Juni. Vidonge hivyo vinakwangua ngozi ya mfuko. Akiongeza urwarwa wa ndizi juu yake ameongeza kuni motoni. Mwenye igifu amwambie mganga vidonge anavyomeza, hata kama ni vya dukani. Na neno moja la kushika: choo cheusi, kinachonata kama lami ya barabara, ni damu iliyotoka juu. Watu wengi hawajui kwamba damu inaweza kuwa nyeusi, wanasubiri kuona nyekundu. Choo cheusi, au kutapika kitu kama unga wa kahawa, ni safari ya lopitali siku hiyo hiyo. Ila anayemeza vidonge vya madini ya chuma, kama mama mjamzito, choo chake huwa cheusi bila ubaya. Aseme hilo nalo.

Nije kwenye neno mshipa, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoumiza watu wengi kuliko yote. Kwa Kiswahili mshipa ni njia ya damu, mshipa ni neva, na mshipa ni uvimbe wa kinena au wa korodani. Katika kituo kimoja cha kuoshea kahawa ambacho sitakitaja, mpagazi mmoja alikaa na "mshipa" miaka miwili. Uvimbe ulitoka kinenani akinyanyua gunia, ukarudi akilala. Siku moja haukurudi. Alianza kutapika, tumbo likajaa kama ngoma, hakupata choo wala upepo. Alipofika dirishani alisema "mshipa unaniuma", akapewa dawa ya kupaka na kidonge. Ni mwenzake aliyerudi naye na kusema: uvimbe uko kinenani, jana ulikuwa unarudi ndani, leo haurudi, na anatapika. Maneno hayo ndiyo yaliyompandisha kwenye gari, akapasuliwa usiku huo, akapona.

Jina lake ni ngiri, Kifaransa wanasema hernie. Ni utumbo uliotoka kupitia mahali palipo dhaifu pa ukuta wa tumbo. Ngiri inayorudi ni ya kupasuliwa kwa mpango. Ngiri isiyorudi, inayouma na kuleta matapishi, imenyongwa, yaani damu haifiki kwenye utumbo, na inahesabiwa kwa masaa. Busha si ngiri: ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani, hayaui haraka. Usiseme mshipa. Sema ngiri, au sema tu uvimbe uko wapi na unafanya nini.

Kidole tumbo nacho kinafanana na hadithi hiyo. Kikivimba, Kifaransa ni apandisiti. Maumivu huanza karibu na kitovu, baada ya masaa kadhaa yanahamia chini upande wa kulia na kukaa hapo. Mtu hataki kula, anatapika, anapata homa, akikohoa au lori likiruka shimo anaumia pale pale. Kikipasuka, usaha unamwagika tumboni. Mwenye dalili hizo asipewe dawa ya kuharisha, asitiwe dawa ya majani kwa nyuma kama desturi ya nyumbani, wala asikandwe. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946, aliona kwamba ugonjwa huu ulikuwa haba vijijini kwetu kuliko Uingereza, akasema sababu ni chakula chetu chenye makapi, maharage, mboga na nafaka isiyokobolewa sana, kinachopita tumboni haraka. Ni sifa nzuri kwa maharage yetu. Lakini haba maana yake si hakuna, na wanaokula mkate mweupe na soda kila siku wanaongezeka.

Kufunga choo na bawasiri nitapita haraka. Makapi, maji ya kunywa na kwenda haja inapokuja vinazuia yote mawili. Madereva na washonaji wanaokaa siku nzima wanayajua. Damu nyekundu juu ya choo inaweza kuwa bawasiri, lakini mtu mzima anayetoa damu kwa muda mrefu huku anakonda apimwe, kwa kuwa saratani ya utumbo mpana inaanza hivyo hivyo.

Minyoo. Kirundi kinasema inzoka, neno lile lile la nyoka, na kila maumivu ya tumbo yanaitwa inzoka, hata ngurumo ya njaa. Aina ziko nyingi, lakini mfanyakazi wa shamba azijue tatu. Mchango mkubwa wa duara unaingia kwa mdomo, kwa mboga na mikono michafu. Tegu anatoka katika nyama isiyoiva. Safura, mnyoo mdogo kuliko hao wengine wawili, haingii kwa mdomo. Unapita ngozi ya mguu ulio peku kwenye udongo ambako watu wamejisaidia, unakwenda utumboni na kunyonya damu. Neno safura lenyewe katika Kiswahili ni la mnyoo na la ugonjwa pamoja: mtu anakuwa mweupe wa macho na viganja, anachoka, anapumua kwa shida akipanda mteremko na kapu mgongoni. Kapita anamwita mvivu, kumbe hana damu. Kichocho cha tumbo nacho kipo nchini, kwenye mashamba ya mpunga ya Rusizi na karibu na Ziwa Cohoha. Kinaleta damu katika choo na mwisho kuvimba ini. Anayetoka huko kwenda vibarua milimani aseme alikotoka.

Yamebaki majina mawili yanayochanganywa kila siku.

La kwanza ni tifo na tifusi. Tifo, kwa Kiswahili homa ya matumbo, inatoka katika maji na chakula kilichochafuliwa. Homa inapanda siku kwa siku, kichwa kinauma, na isipotibiwa inaweza kutoboa utumbo. Tifusi haihusiani na tumbo hata kidogo, inaletwa na chawa wa nguo. Ndiyo ile iliyoitwa sutama hapa kwetu, iliyoanza katika jela ya Ngozi mwaka 1995, na mwaka 1997 wakashukiwa kuugua watu zaidi ya elfu 40, wengi wao katika kambi za waliokimbia vita. Herufi chache tu zinatofautisha majina, lakini mmoja anatakiwa achemshe maji na mwingine achemshe nguo.

La pili ni manjano. Mtu akiwa na macho ya manjano watu wanasema "homa ya manjano". Homa ya manjano ya kweli inaletwa na mbu na ina chanjo yake. Macho ya manjano mara nyingi zaidi ni homa ya ini, na yenyewe ina aina: ya A na ya E zinatoka katika maji na uchafu, ya B na ya C zinapita katika damu, na ya B pia katika ndoa na kutoka kwa mama hadi mtoto. Ya B ina chanjo. Karatasi ikiandikwa hepatiti, uliza ni herufi gani, maana jibu la "umepona, rudi kazini" halilingani kwa herufi zote.

Wajumbe wa matawi wanaombwa kufanya haya kabla ya majira ya kahawa. Kila sehemu ya kazi ihesabiwe: vyoo vingapi, vya wanaume na vya wanawake, viko umbali gani na mahali pa kuchumia au pa kuoshea, pana maji na sabuni au hapana, na maji ya kunywa yanatoka wapi. Mkataba namba 110 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1958, ambao ni wa mashamba makubwa, unazungumza juu ya nyumba na matibabu ya wafanyakazi, basi hatuombi kitu kisichojulikana duniani. Pili, mfanyakazi akirudi kutoka kituo cha afya, mjumbe amsaidie kusoma karatasi na kuandika katika daftari la tawi neno la Kifaransa lililoandikwa, jina lake la Kiswahili na siku alizopewa kupumzika, bila kuandika jina la mgonjwa mahali pa wazi. Katika tawi moja daftari hilo lilionyesha watu saba wa mstari mmoja wenye amacinya ndani ya juma moja. Mjumbe alikwenda nalo kwa msimamizi, wakafuata bomba pamoja, wakakuta tangi la maji ya kunywa limeachwa wazi chini ya shimo la choo. Siku za kutokuwapo za wale saba zililipwa.